Matembezi ya Fitzroy Square, London: pazuri, ila namba 21 wameiruka

Natoa nyota 3 kati ya 5, zingekuwa 4 kama si ile nyumba namba 21, nitafika huko.

Nilikuwa London kwa mdogo wangu nikalipia yale matembezi ya miguu ya kuoneshwa mitaa ya zamani, mnakutana nje ya stesheni ya Warren Street alafu dakika chache tu mshafika. Pazuri wallahi. Katikati bustani ya duara ina miti mikubwa, nyumba ndefu zimeshikana zimeizunguka, gari hazipiti kwa hiyo unasikia mpaka viatu vyako. Mashariki na kusini ni mawe ya Portland, ramani kachora Robert Adam ambae alifariki 1792 hata kazi haijesha, pande mbili zilobaki zikaja kumaliziwa baadae sana kwa plasta tu. Kusini palipigwa bomu vita vya pili wakajenga upya, mie nisingejua kama hatukuambiwa. Bustani yenyewe imefungwa, funguo wanazo wakaazi, sie tukachungulia kwenye vyuma kama watoto nje ya harusi.

Kijana alotutembeza anajua kuhadithia, hilo simnyimi. Namba 29 tulisimama karibu nusu saa: Bernard Shaw, yule mwandishi wa tamthilia, kahamia 1887, akaishi na mama yake hapo mpaka alipooa 1898 ana miaka 41 (kwetu ukoo ungeshakaa kikao zamani), alafu 1907 nyumba ile ile akaingia Virginia Woolf, mwandishi wa riwaya, na mdogo wake Adrian. Namba 33 ndo niliipenda zaidi, mchoraji Roger Fry alifungua karakana ya Omega 1913, wasanii wanapaka rangi viti, vitambaa, mazulia, na hakuna anaetia jina lake, wanaweka ile herufi ya Kigiriki basi. Ikafungwa 1919.

Sasa namba 21. Kibao kipo ukutani, Lord Salisbury, alikaa hapo ujanani wakati baba yake kamnunia kwa kuoa mke asiemtaka na yeye anaandika magazetini apate pesa ya kula. Kijana wetu akasema tu "waziri mkuu wa zamani huyo, haya twendeni". Twendeni wapi bwana! Huyo ndo alokuwa waziri mkuu 1890 walipokubaliana na Wajerumani, Unguja na Pemba zikawa chini ya Muingereza na Mjerumani akapewa Heligoland, kijisiwa cha huko Bahari ya Kaskazini, yani sisi tulibadilishwa kama kuku sokoni. Na Agosti 27, 1896 manowari za Muingereza zilipopiga kasri ya Sayyid Khalid bin Barghash kule Unguja, vita hata saa moja havikufika, waziri mkuu alikuwa yeye tena.

Nikamuuliza kijana unajua haya? Akacheka akasema hayamo kwenye karatasi yake. Basi nikawahadithia mwenyewe pale pale barazani, na mama mmoja Mjerumani kwenye kundi akaniambia Heligoland anaijua vizuri, walikuwa wakienda likizo na watoto.

Nendeni tu, ila mkifika 21 msiondoke haraka. Mwisho mnapelekwa kwenye sanamu la Miranda, mpigania uhuru wa Venezuela, hapo pembeni, nalo tulilipita mbio, mvua ilishaanza na mie koti nimeliacha nyumbani.