TAHADHARI: Mkora wa viti vya "Eames" hapa Lowell na Lawrence, Massachusetts

Sikutaka kuandika kwamba mzee mmoja wa gereji ameniuzia kiti bandia cha Eames, kile kiti maarufu cha kuegemea cha mbao zilizopindwa. Baba Njeri amecheka siku tatu mfululizo, na watoto wamekibandika kiti jina ambalo sitalitaja hapa. Lakini najua kuna mwenzangu atakwenda kwenye gereji ile na pesa yake ya jasho, basi aibu acha iwe yangu.

Raundi yangu ya chama yote iliishia kwenye kiti hicho. Dola 3,200 taslimu, noti za mia mia, nikazihesabu mwenyewe juu ya boneti ya gari la mtu nisiyemjua, na yeye kasimama pembeni ananiambia, "Hesabu tena, mama, usije ukajipunja." Nisijipunje! Mwizi ananionea huruma!

Na msiseme sikuuliza. Niliuliza mpaka nikaona haya. Mzee wa watu, nywele nyeupe pe, sweta imetoboka kiwikoni, kikombe cha chai mkononi. Akanisimulia kwamba Charles na Ray Eames, mume na mke wachora samani, walikitoa kiti hicho 1956, kampuni ya Herman Miller ikakitengeneza, na kwamba Charles alitaka kiwe kama glovu ya besiboli iliyokwisha kulainika kwa kuvaliwa. Hayo yote ni kweli, nilikuwa nimeyasoma, ndiyo maana nikamwamini. Akasema kilikuwa cha baba mkwe wake, daktari. Akatoa na picha, nyeusi na nyeupe, mzee kakalia kiti, mbwa miguuni. Sasa mtu utamshuku aliye na picha ya mbwa?

Nikakaa. Nikaegemea. Kiti kikalala nyuma taratibu, na mgongo huu wa zamu za usiku ukaachia wote. Hapo ndipo nilipokwisha. Angeniambia elfu nne ningelipa. Kisha akakipindua, akanimulikia tochi chini: stika ya Herman Miller. Nikaipapasa kwa kidole kama ninayejua ninachopapasa.

Jumatatu nikakipeleka kwa yule fundi wa makochi, mito ishonwe upya. Fundi akasukuma mgongo wa kiti kwa kidole kimoja, kikalala. Akaniuliza nimelipa ngapi. Nikamwambia. Hakujibu, akachukua wembe akaanza kukwangua stika. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi kuukuu, rangi ya chai, herufi nne zimesalia: P, L, Y, C. Plycraft, waliokuwa wakitengeneza viti vya kufanana na cha Eames. Kiwanda chenyewe kilikuwa Lawrence. Lawrence hii hii! Nimelipa bei ya Eames kwa kiti kilichozaliwa mji wa jirani.

Kiti sina ugomvi nacho. Ni kizuri, kina wapenzi wake na kina bei yake, ila bei hiyo si dola 3,200, na hakikutoka kwa Eames wala kwa Herman Miller. Ugomvi wangu ni na aliyebandika stika. Mtu kama huyo afungwe. Nisisikie habari ya faini, afungwe, na huko jela apewe kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mbovu akikalie miaka yote. Na ile picha aitafune, na mbwa wake. Polisi nilikwenda. Askari akasoma risiti, akanirudishia. Imeandikwa "kiti cha kuegemea, kilichotumika". Basi. Jina la kampuni hakuna, mwaka hakuna. Nilisaini mwenyewe.

Haya, mnaouliza dalili. Kiti halisi kinazunguka, lakini hakilali nyuma. Mgongo na kikalio vimekazwa pamoja na mlalo wake ni ule ule. (Yaani kile kilichonilevya ndicho kingenistua.) Vichwa vya skrubu huvioni nje ya mbao zile zilizopindwa, changu kinazo, nimezihesabu usiku badala ya kulala. Kiti halisi kina miguu mitano, na kistuli chake cha kuwekea miguu kina minne. Changu ni minne kotekote. Kuna na habari ya tabaka za plaiwudi, tano kwa vya zamani na saba kwa vya siku hizi, lakini kwa hasira niliyo nayo siwezi kuieleza vizuri. Stika si ushahidi. Stika ni karatasi na gundi.

Leo asubuhi nimeona tangazo jipya. Sakafu ni ile ile, lile doa la rangi ya kijani ninalijua. Viti vinne vya mikono, "Norman Cherner, Herman Miller". Cherner alichora kiti hicho kwa ajili ya Plycraft! Mwenye kiwanda akamwambia mpango umefutwa, kumbe akaendelea kukitengeneza, mpaka Cherner mwenyewe akakikuta dukani New York kimeandikwa mchoraji "Bernardo", mtu asiyekuwepo duniani. Akashtaki 1961, akashinda. Kwa hiyo ukiona Cherner na Herman Miller kwenye stika moja, ujue uko kwenye gereji ya yule mzee.

Mama Kevin, najua umeshamwahidi kwenda Jumamosi. Usiende peke yako. Nipitie saa nne, nitakuja na risiti yangu na wembe wa fundi.