Karakana ya faiba Kirumba: kazi safi sana, ila ofa ya "mbele tu" msichukue

Wadau wa mwaloni, kama boti yako ya faiba imekuwa nzito majini na mashine ni ile ile ya siku zote, kuna karakana upande wa Kirumba, Mwanza, wanasafisha, wanapiga msasa na kupaka rangi upya. Nimewapa boti yetu ya mita 8, nimeridhika, nawapa nyota 4.

Msasa wao ndo umenikosha. Wanakwangua utando wa kijani wote, wanaziba mikwaruzo kwa puti, wanaanza msasa mkavu afu wa maji wanaenda wakilainisha, na kabla ya rangi fundi anasubiri kigiza kiingie anawasha tochi ya simu anailaza kabisa kwenye ubavu, mwanga unapita sambamba na faiba, kila kinundu kinatupa kivuli. Anakizungushia penseli, anarudia msasa. Kuna alivyozungushia ambavyo mi nilipitisha kiganja sikuhisi kitu.

Sasa nyota niliyobakiza. Wana ofa ya bei rahisi, wanasugua mbele tu, wanakwambia mbele ikiwa kioo maji yanapita kimya ubavu mzima hayavurugiki. Hapo nabisha, maana hili jambo nalipenda na nimelisoma sana.

Maji yanayogusa boti yanaganda nayo, yanaenda nayo mwendo mmoja, na kati ya hayo na maji huru ya ziwa kuna tabaka jembamba ambalo Prandtl, mwanasayansi Mjerumani, alilieleza mwaka 1904. Mwanzoni linapita kwa utulivu. Ila ndani yake kunazaliwa mawimbi madogo, sio haya ya ziwa unayoyaona, yanasafiri kuelekea nyuma huku yanakua. Wajerumani wenzake Tollmien na Schlichting waliyapata kwenye hesabu tu na wengi hawakuamini mpaka Schubauer na Skramstad kule Marekani, kipindi cha vita kuu ya pili, wakayapima kwenye bomba la upepo (la maabara la kupitishia hewa, maana hewa nayo ina tabaka kama hilo) lililotulizwa mno. Wimbi likiwa dogo linakua kwa hesabu rahisi, mtikisiko wake ukifika kama asilimia 1 ya mwendo wa maji hesabu hiyo haifanyi kazi tena, linapinda, linavutika kama pini ya nywele, linazaa mengine, mabaka ya vurugu yanatokea huku na kule yanapanuka yanaungana, basi utulivu umeisha.

Na kwa boti haichukui nafasi kubwa! Ukienda kilomita 15 kwa saa, kwa kipimo cha kawaida cha ubao bapa (yaani hesabu ya maji yakipita kwenye ubao ulionyooka) vurugu inaanza kama sentimita 10 toka mbele, na hata maji yangetulia kama ya maabara utulivu haufiki mita moja. Ziwa letu lenye viwimbi na matope ndo kabisaa, mara nyingi hiyo hatua ya mawimbi madogo inarukwa. Kwahiyo mita 7 na zaidi za boti yako zipo kwenye vurugu hata mbele ing'ae vipi.

Msasa unasaidia kwa njia nyingine. Chini kabisa ya hiyo vurugu, pale kwenye faiba, inabaki ngozi ya maji tulivu nyembamba kuliko unywele. Kinundu kikibaki ndani yake hakina shida, kikiitoboa kinaongeza msuguano, na mafuta yanaliwa. Matone ya rangi ya brashi yanatoboa, utando wa kijani ndo usiseme. Ndo maana ile tochi ina thamani kuliko ofa zao zote.

Bei ya boti nzima imechangamka kidogo na foleni ipo, ongea nao mapema. Omba rangi ya kupuliza, sio brashi. Kama hela haitoshi waambie wafanye chini ya mstari wa maji tu, toka mbele mpaka pale mashine inapokaa, huko juu patasubiri.