Biskuti za chizi za sendofu: cheddar ya kipande au ile iliyokwaruzwa tayari?

Jamani kwa mnaoulizana chizi gani inafaa kwa biskuti za chumvi, mimi nimejaribu zote mbili kwa ajili ya sendofu ya binamu yangu hapa Dar, kipande cha cheddar kali cha gramu 250 na ile ya pakiti iliyokwaruzwa tayari, na nasema hivi, pakiti iacheni hukohuko kwenye friji la supamaketi.

Kipande bei imechangamka, sikatai. Lakini ukikifungua tu harufu inakupokea, na ukikikata kinamong'onyoka kidogo pembeni, hiyo ndo dalili chizi imekaa ikaiva na maji yake yamepungua. Biskuti inataka chizi kavu yenye ukali maana ikishakutana na unga na siagi ladha inapoa sana. Sasa ya pakiti wanaipaka wanga ili isishikane, kwa pizza haina shida, ila ukija kukanda donge haliungani, linamwagika kama pumba, unaongeza maji, na ukizidisha maji ndo basi tena, biskuti inatoka ngumu mpaka wenye meno ya bandia wanakukwepa. Na mozzarella nazo kwenye pizza nazipenda mno ila hapa usithubutu, zina maji na zinavutika.

Vipimo vyangu: cheddar gramu 200 (kwaruza kwa ile ya karoti, upande wa matundu madogo), siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150, pilipili ya unga kidogo, chumvi weka kwa machale maana chizi yenyewe inayo. Siagi nasema ya maziwa, sio majarini ya kupaka mkate, hiyo kwa joto letu inalainika kabla hujashika hata mti wa kusukumia chapati. Sugua siagi na unga kwa vidole, tia chizi, maji ya baridi kijiko kimoja au viwili, lifumbate donge likae friji nusu saa. Sukuma unene wa milimita 3 hivi, kata vipande vya mraba, kila kimoja toboa tundu katikati kwa njiti ya meno, mvuke upate pa kutokea. Oveni 180, dakika 12 mpaka 15 na usiende kuchati, chizi ikipitiliza inakuwa chungu.

Mama mdogo ambaye siku zote chizi anasema ni chakula cha wazungu nilimkuta anazifunga kwenye tishu anatia kwenye pochi, eti "mwanangu hizi za wajukuu", na wajukuu wenyewe wote walikuwa palepale ukumbini wanacheza muziki 😂

Cheddar naipa nyota 4. Moja nimeipunguza kwa sababu ya lile plastiki lake, ukishalikata halifungiki tena, kipande kilichobaki inabidi ukiviringishe kwenye karatasi ya kuokea la sivyo kinakauka. Halafu kabla hujalipa kigeuze ukiangalie chini, kama kuna mafuta yametoka jasho ndani ya plastiki ujue kilipata joto, labda umeme ulikatika au friji lilizimwa, hicho kirudishe uchukue kingine.