Nililipa dola 180 tuandikiwe kanuni ya likizo kwa anayeteswa nyumbani: yaliyofaa na yaliyopungua

Nina presingi hapa Kampemba, Lubumbashi. Tunafua salopeti za watu wa migodi. Asubuhi gari linaleta mifuko yenye vumbi jekundu, jioni tunarudisha nguo zimepigwa pasi na kukunjwa. Tuko watu 19, kati yetu wanawake 13. Mwezi wa tatu niliita ofisi ndogo ya ushauri ya hapa mjini, avoka (wakili) mmoja na muuguzi mmoja, watusaidie kuandika kanuni ya likizo na ulinzi kwa mfanyakazi anayepigwa au kuteswa nyumbani. Wenye biashara wenzangu wananiuliza kama pesa ile ilifaa. Nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Kwanza sababu iliyonifanya niwaite. Mwaka jana mama mmoja wa pasi alianza kuchelewa, nami nikamkata mshahara wa siku tatu. Alipokuja na jicho limevimba alisema, "Mama, niliteleza ku ngazi." Kwao hakuna ngazi. Niliwahi kufika pale kwenye matanga ya mama yake, ni nyumba ya vyumba viwili chini ya mwembe. Nilijua, na bado nilikata. Wiki iliyofuata nikamkuta anapiga pasi kwa mkono wa kushoto, ile pasi nzito ya mvuke, mkono wa kulia ameufunga ndani ya kitenge. Mstari wa suruali ulinyooka vilevile kama siku zote. Nilimrudishia pesa yake siku hiyohiyo, lakini nilikuwa nimeshamwongezea mtu wa pili wa kumwogopa.

Washauri walikuja Jumatano, saa mbili asubuhi mpaka saa saba. Avoka ndiye aliyeanza, na kazi yake anaijua. Alifungua Sheria ya Kazi ya mwaka 2002, akatusomea likizo za dharura ambazo kila mfanyakazi wa Kongo anazo: ukifunga ndoa siku 2, mke akijifungua siku 2, ukifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto siku 4, mtoto wako akifunga ndoa siku 1. Sauti ikatoka upande wa mashine: "Na ukipigwa?" Avoka akasema kwenye orodha ile haimo. Halafu akaeleza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyoajiri watu, kwamba orodha ile ndiyo sakafu. Patroni haruhusiwi kushuka chini yake, ila hakuna anayemzuia kuongeza.

Akatutajia walioongeza. Ufilipino wana siku 10 zenye mshahara tangu sheria yao ya mwaka 2004. New Zealand siku 10, tangu Aprili 2019. Australia nao wamefika 10 mwaka 2023. Na Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 190, ule wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, mjini Geneva, Juni 2019, lilitoa pamoja nao Pendekezo namba 206, ambalo linataja likizo kwa aliyeteswa nyumbani, saa za kazi zinazoweza kubadilishwa, na kinga ya muda asifukuzwe. Wanaume wetu sita walikuwa wamekaa nyuma, mikono kifuani. Mmoja akauliza kama hiyo ni likizo ya wanawake. Avoka akamwonyesha rasimu: kila mahali imeandikwa "mfanyakazi". Mikono ikashuka.

Mwingine akauliza kama mume hana haki ya kumwondoa mke wake kazini. Hapo niliinamisha kichwa. Miaka michache nyuma mwanaume mmoja alikuja getini kwangu akasema mke wake haendelei na kazi, nami nikamlipa dada wa watu siku zake akaenda, bila kumuuliza yeye mwenyewe hata neno moja. Avoka alieleza kwamba ile ruhusa ya mume iliyokuwemo katika Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliondolewa sheria iliporekebishwa mwaka 2016. Kwa hiyo nilikuwa nimetii kitu ambacho hakipo. Kwa jibu hilo peke yake ningelipa tena.

Muuguzi ndiye aliyewagusa watu. Alipanga siku za mtu aliyepigwa kama anavyozipitia mwenyewe: asubuhi hospitali, kesho polisi, wiki ijayo tribinali ya amani, yaani mahakama ndogo, siku nyingine kwenda kuchukua nguo za watoto mume akiwa hayupo. Ndiyo maana likizo hii haifai kutolewa kwa mkupuo, inafaa ikatwe hata nusu siku. Akasema pia kwamba aliyebakwa, hata kama ni mume aliyefanya hivyo, anatakiwa afike hospitali ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zimfae. "Mkimwambia alete karatasi kwanza, saa zinakwisha." Tukaandika hivyo: siku ya kwanza inatolewa kwa neno la mdomo. Jumla ni siku 6 zenye mshahara kwa mwaka. Nilitaka 10. Nilipiga hesabu usiku mbili, biashara yangu ilivyo leo inabeba 6, na nimeandika kwamba tutaitazama tena kila Januari.

Sasa kasoro, maana ziko.

Kubwa kuliko zote ni fomu. Walitutengenezea fomu nzuri, yenye kichwa cha herufi kubwa kinachotaja ukatili wa nyumbani, na chini yake: nakala moja kwa mfanyakazi. Aipeleke wapi? Kwenye mkoba ambao mume anaupekua kila jioni? Tena walishauri siku hizo zionekane kwa jina lake kwenye karatasi ya mshahara. Mmoja wa mama zetu aliishika ile fomu kwa ncha za vidole, akairudisha mezani taratibu: "Mama, sipendi bwana yangu ayue." Tuliifuta palepale. Kwetu sasa likizo hii inaitwa ruhusa ya dharura, jina lilelile la aliyefiwa na la mwenye mtoto mgonjwa. Daftari liko kwenye droo yangu, nakala hakuna, na funguo ni mbili tu, wangu na wa msimamizi wa kukunja nguo. Karatasi ya mshahara haisemi chochote.

La pili, hawakuuliza hata kidogo pesa inaingia wapi. Sisi tunalipa kwa simu. Baada ya wao kuondoka nilimwita kila mtu peke yake, wanaume kwa wanawake ili asishukiwe yeyote, nikauliza: mshahara wako uingie namba gani? Watatu walitaja namba ambayo sikuwa nayo. Mmoja aliomba sehemu tu iende kwenye namba ya zamani, na iliyobaki nimpe mkononi. Ofisi inayouza ushauri wa namna hii ingeanza hapo, kwa sababu mwanamke mwenye siku 6 za likizo asiye na nauli hatoki nyumbani.

La tatu ni Kifaransa. Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwa Kifaransa mbele ya watu wanaoongea Kiswahili kutwa nzima. Muuguzi alipogeuza lugha ndipo maswali yalipoanza kumiminika. Na maandishi tuliyopewa ni ya Kifaransa tu, ikabidi nimlipe mwalimu jirani dola 20 ayageuze, nikayasoma kwa sauti saa ya bukari, ugali wetu.

Kipande cha geti ndicho kilichonifurahisha zaidi katika rasimu yao. Zamani mtu yeyote akija kumuuliza mfanyakazi, sentineli, mlinzi wa geti, anajibu, "Yuko ndani, ngoja nimwite." Siku hizi hasemi yupo wala hayupo. Anaandika jina, anakuja kuniambia. Na anayeogopa kusubiriwa barabarani anaruhusiwa kubadilishiwa zamu au kutoka na gari la mizigo kupitia nyuma.

Ziara ya pili waliyoahidi baada ya miezi mitatu haijafanyika, na huu ni mwezi wa tano tangu waje. Nimewapigia wiki hii, wamesema Jumatano ijayo. Mkiwaita, sisitizeni muuguzi asikose, dai Kiswahili kabla ya kulipa, na ile fomu msiipokee.

Kama likizo imeshatumika? Imetumika. Na nani, au mara ngapi, siandiki. Tuko watu 19 tu.