Stripe Radar: Alama ni Nzuri, Kizingiti Kipange Mwenyewe

Radar ni mfumo wa kupambana na ulaghai uliomo ndani ya huduma ya malipo ya Stripe tangu mwaka 2016. Kila kadi inapotumiwa kulipa, modeli ya ubashiri huupima muamala huo na kuupa alama kuanzia 0 hadi 99, kisha muamala hupitishwa, huzuiwa au huwekwa kando ukaguliwe na mtu. Kwa mpangilio unaokuja na mfumo, alama ya 65 kwenda juu huhesabiwa kuwa hatari iliyopanda, na ya 75 kwenda juu huhesabiwa kuwa hatari kubwa, na muamala wa namna hiyo hukataliwa papo hapo. Modeli yenyewe naiona ni kazi nzuri sana. Ninachokitilia shaka ni wepesi wa wafanyabiashara kuiacha namba 75 iwaamulie, kana kwamba ilipigiwa hesabu za biashara zao.

Nguvu kubwa ya Radar ni wingi wa data. Duka jipya halina historia ya kutosha kufundishia modeli yoyote, ilhali Stripe wanasema kwamba kadi ambayo ni ngeni kwako ina uwezekano wa asilimia 92 kuwa imeshaonekana kwingine katika mtandao wao, na kwamba kila muamala hupimwa kwa sifa zaidi ya 1,000 kwa muda usiofika milisekunde 100. Ndiyo maana mfumo huu unawafaa hasa wanaosumbuliwa na watu wanaozijaribu kadi za wizi kwa malipo madogo madogo ili wajue zipi bado hazijafungwa. Muamala mmoja wa aina hiyo ukitazamwa peke yake hauna dosari. Ukiwekwa pamoja na mingine iliyotoka kwenye anwani ileile ya intaneti (IP, namba inayotambulisha muunganisho wa kifaa), kila mmoja kwa kadi tofauti, hakuna tena cha kujadili.

Stripe wanasema pia kwamba Radar huzuia kimakosa asilimia 0.1 tu ya malipo halali. Namba hiyo ni ndogo, lakini isomwe kwa makini. Tuchukue duka lenye miamala 10,000, ambayo 10 kati yake ni ya ulaghai. Asilimia 0.1 ya miamala halali iliyobaki ni takribani 10. Kwa hiyo hata kama mfumo ungewanasa walaghai wote bila kumkosa hata mmoja, karibu nusu ya waliokataliwa wangekuwa wateja waaminifu, na mteja aliyekataliwa mara nyingi haandiki barua ya malalamiko, hununua kwingine. Hii si kasoro ya Radar peke yake. Ndivyo ilivyo kwa modeli yoyote inayotafuta jambo adimu, na matangazo ya bidhaa za namna hii hayapendi kulitaja.

Swali la kizingiti, yaani mpaka ambao muamala ukiuvuka huzuiwa, ndilo lenye fedha. Bidhaa inayouzwa dola 100 na kumgharimu muuzaji dola 80 humwachia faida ya dola 20. Ikinunuliwa kwa kadi ya wizi, muuzaji hupoteza zile 80 pamoja na ada ya pingamizi, inayotozwa mwenye kadi anapoyakana malipo kwa benki yake, tuseme 20, jumla 100. Hesabu inaonyesha kwamba inamfaa kuzuia pale uwezekano wa ulaghai unapozidi 20 kwa 120 (faida ya 20 ikijumlishwa na hasara ya 100), yaani karibu asilimia 17. Sasa mtazame anayeuza programu ya kupakua kwa dola zilezile 100, ambayo nakala moja humgharimu dola 5. Huyu hupoteza 25 akitapeliwa na hukosa 95 akimkataa mteja wa kweli, hivyo kwa hesabu hiyohiyo kizingiti chake kinakaribia asilimia 79, ingawa pingamizi zikizidi mitandao ya kadi kama Visa na Mastercard itamwandama. Wawili hawa hawawezi kutumia mpaka mmoja. Tena alama ya Radar haisomwi kama asilimia: lazima uangalie katika miamala yako mwenyewe ni sehemu gani ya yenye alama 70, kwa mfano, iliishia kuwa ulaghai.

Hapa ndipo manung'uniko yangu yalipo. Radar ya kawaida huonyesha ngazi ya hatari tu, bila namba. Ili uione alama na uandike kanuni zako, unalipia toleo la timu za kupambana na ulaghai, lililotoka mwaka 2018, kwa ada ya kila muamala unaokaguliwa. Kuificha namba nyuma ya malipo ni uamuzi wa kibiashara ninaouelewa bila kuupenda.

Anayelipia, hata hivyo, hupata kifaa kimoja ambacho kwangu kinazidi vingine vyote kwa thamani: kanuni hujaribiwa kwenye miamala iliyopita kabla ya kuanza kazi. Andika kanuni inayozuia malipo pale nchi ya kadi isipolingana na nchi ya anwani ya intaneti, nayo inaonekana ya busara kabisa. Jaribio la nyuma litakuonyesha ingewazuia walaghai wangapi, na pia wasafiri na watumiaji wa VPN (huduma inayoficha mahali mtu alipo mtandaoni) wangapi ambao walilipa na hawakupinga chochote. Nashauri walio katikati, wa alama 50 hadi 75 hivi, wasizuiwe bali waombwe uthibitisho wa 3D Secure, ambapo benki iliyotoa kadi humtaka mlipaji athibitishe kuwa ni yeye, kwa kuwa mteja akithibitishwa na benki yake, hasara ya ulaghai kwa kawaida huhamia kwa benki hiyo.

Kuna mambo ambayo alama hii haiyafikii. Mwenye kadi anayenunua kwa hiari yake, akapokea mzigo, kisha akaiambia benki kuwa haijui hiyo biashara, anaonekana mwaminifu kwa kila kipimo, kwa sababu kadi ni yake, kifaa ni chake na anwani ni yake. Pingamizi nazo huchelewa, kwa kawaida hadi siku 120 baada ya malipo, hivyo matokeo ya kanuni mpya yasihukumiwe mwezi uleule. Na muamala uliozuiwa hausemi kamwe kama ulikuwa wa mwizi au wa mteja. Wahandisi wa Stripe wamewahi kueleza hadharani dawa yake, nayo ni kuiachia kwa bahati nasibu sehemu ndogo ya miamala ambayo ingezuiwa, ili matokeo yake yaonekane. Muuzaji mwenye miamala mingi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kanuni zake mwenyewe, maadamu ametenga fedha za kulipia hasara ya jaribio hilo.