MTB ya mtumba kwa mtu wa resi: nimeitumia miezi nane Arusha, haya ndio maoni yangu

Wadau habari za jioni. Wenzangu tunaoendesha wote Jumamosi wananiuliza kila siku hii MTB (baiskeli ya milimani na msituni) inanisaidia nini wakati mimi ni mtu wa resi, yaani baiskeli ya mbio za barabarani, miaka sita lami tupu, Usa River kwenda na kurudi au Makuyuni siku tukiwa na muda. Basi naandika hapa mara moja kila mtu asome.

Baiskeli yenyewe ni mtumba, fremu ya aluminiamu, ringi 29, shokapu ya mbele tu ya milimita 100, nyuma hamna. Gia ni Shimano Deore, mbele sahani moja ya meno 32, nyuma gia 12 kuanzia meno 10 mpaka 51. Uzito kama kilo 13. Nilitoa milioni moja na laki sita na siijutii hata shilingi, ila kuna shida moja nitaisema huko chini.

Siku ya kwanza nilipanda nayo msitu wa Olmotonyi juu ya Ngaramtoni, kipindi cha kiangazi, vumbi limelala juu ya udongo mgumu kama unga juu ya meza. Nikafika kwenye kilima ambacho kwa lami ningekimaliza huku napiga stori, nikasimama kwenye pedeli kama nilivyozoea, tairi la nyuma likazunguka bure, mguu chini. Nikarudia, mguu chini tena. Kijana mmoja anayeshindana MTB akaniambia kaka kaa chini, sogea mpaka ncha ya siti, viwiko vishushe, afu zungusha pedeli duara zima usiikanyage kama unaua mende. Akanirudisha nyuma akanionyesha alama zetu kwenye vumbi. Yake vijino vya tairi vimejichora vyote, kimoja kimoja, mstari mzima mpaka juu. Yangu imechorwa vizuri nusu mita afu imekwanguka, imechorwa tena afu imekwanguka, yaani kila nilipokandamiza mguu udongo umeandika. Miaka sita ya lami sikuwahi kujua kwamba nakanyaga hivyo, maana lami inakusamehe.

Baada ya miezi miwili hivi nikapanda Monduli na resi na nikaona tofauti mwenyewe, miguu inazunguka laini, mgongo haunivuti kama zamani. Kona nazo, siku hizi macho yanaangalia ninapotokea sio hapa mbele ya tairi, na lori likinipita likanipiga upepo mikono haikakamai, naiacha baiskeli icheze kidogo inarudi yenyewe. Hayo yote ni mizizi na mawe ya msituni yamenifundisha, kwa mwendo mdogo ambao ukianguka unajikung'uta unaendelea.

Sasa wale wa MTB tu msifurahi sana, maana na ninyi mnaihitaji lami. Msituni huwezi kushika mapigo sehemu moja, unapanda moyo unataka kutoka, unashuka miguu imelala lakini mikono inafanya kazi, dakika tano unaanza upya. Ukifanya mazoezi ya hivyo tu kila siku unachoka bila kujenga pumzi ya chini, ile ya kuendesha muda mrefu bila kukata. Mbio za XC (cross-country, zile za MTB za mizunguko) za wakubwa zinachukua kama saa moja na dakika 20 mpaka 40 na zinaanza kwa kasi ya ajabu kwa sababu kila mtu anataka kuwahi njia nyembamba kabla haijaziba, kwahiyo bila yale masaa matatu manne ya lami ya kutulia, mzunguko wa tatu huna kitu. Tukishindana wenyewe msituni mimi ndo nakuwa na nguvu mwishoni. Kwenye kushuka bado wananiacha mbali.

Na hata kule juu ni hivyo hivyo. Pauline Ferrand-Prévot alichukua dhahabu ya MTB Olimpiki ya Paris 2024, mwaka uliofuata akashinda mbio za barabara, Paris-Roubaix na Tour de France, zote za wanawake. Tom Pidcock ana dhahabu mbili za MTB na mwaka 2022 alishinda hatua ya Alpe d'Huez kwenye Tour, na jinsi alivyoshuka siku ile, aisee, ule ni mteremko wa mtu wa msituni. Hapa jirani, Adrien Niyonshuti wa Rwanda aliendesha MTB Olimpiki ya London 2012 afu Rio 2016 akaendesha ya barabara. Lakini miguu peke yake haitoshi, 2023 Mathieu van der Poel alishinda ubingwa wa dunia wa barabara pale Glasgow, siku sita baadaye akaingia XC kule kule Scotland na akaanguka mzunguko wa kwanza kabisa. Aliyeshinda siku hiyo ni Pidcock.

Sasa ile shida. Muuzaji, duka silitaji, aliniapia shokapu imefanyiwa sevisi. Wiki ya tatu mafuta yakaanza kuvuja, sili zimekufa, nikarudi akaniambia mtumba ukishatoka umetoka. Iliniuma kwa kweli. Fundi kanichaji laki na ishirini. Ukienda kununua shika breki ya mbele, ikandamize shokapu mara kumi, kama kuna pete ya mafuta imebaki kwenye bomba dai punguzo au ondoka.

Pia pima urefu wa siti ya resi kuanzia katikati ya kranki (pale mikono ya pedeli inapozungukia) uweke karibu sawa na kwenye MTB, na ukiweza tumia pedeli na viatu vya aina moja kote, magoti yatakushukuru. Upepo wa matairi mimi naweka kama psi 22, wakati resi ni 75.

Ratiba yangu ni Jumanne na Alhamisi msituni, Jumamosi lami ndefu. Masika yakiingia MTB naiacha ndani, ule udongo mweusi unajaa kati ya tairi na fremu mpaka ringi inagoma kuzunguka, na mkipita mvua ikinyesha mnaharibu njia za wenzenu. Mwezi wa sita tunarudi Olmotonyi, anayetaka kuijaribu hii yangu aje na kofia yake.