Rili ya kuvulia ya bei nafuu Mombasa: anza na roda, mengine yafuate

Samaki, kolekole, alikamata chambo changu alfajiri, miambani chini ya mnara wa taa, bamvua siku yake ya pili na maji yamejaa. Alikimbia mara moja tu, moja kwa moja kuelekea mlango wa Kilindini. Breki ya rili ilikuwa ikilia vizuri, miguu nimeishika imara, mara mshipi ukalegea mkononi. Nikasema ni mwamba. Lakini mshipi uliokatwa na mwamba huachia mahali pamoja, na wangu nilipouvuta ulikuwa na manyoya kama kamba kuukuu ya katani, pima tatu nne kutoka mwisho kuja kwangu. Mzee aliyekuwa akivua kando yangu aliupitisha kati ya vidole vyake, akaniambia, "Mwanangu, jiwe halikukukosea. Hii ni rili yako."

Alinionyesha roda. Namaanisha kile kigurudumu kidogo kwenye ncha ya mkono wa waya, kinachopokea mshipi na kuuelekeza kwenye spuli, yaani kibiringo unapokunjwa mshipi. Wako wanaokiita rola. Mimi nakiita roda kwa sababu kazi yake ni ileile ya roda ya jahazi, kamba ipite bila kusuguliwa. Yangu ilikuwa imeganda kwa chumvi. Haikuzunguka hata nukta. Mshipi ulikuwa umeichonga mfereji, na mfereji huo ndio uliokuwa ukiunyoa mshipi kila samaki akivuta. Rili yenyewe ilikuwa na miezi minne. Niliinunua shilingi 6,500 katika duka moja la mjini, na nilipoirudisha niliambiwa chumvi haina dhamana. Kwani rili ya baharini itavuliwa kwenye nini?

Tangu siku ile, mtu akiniomba ushauri wa rili namsikiliza kwanza anachouliza. Huuliza kilo za breki. Huuliza idadi ya beringi. Huuliza rangi, tena kwa uzito kabisa. Sijapata kuulizwa roda. Basi ukubwa wa rili na urefu wa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, sitavizungumzia sana: anayerusha chambo bandia kutoka Nyali, Shelly au Ras Serani, rili ya saizi ya 4000 au 5000 inamtosha, na hilo atakwambia yeyote. Nitakwambia wasilokwambia.

Maji ya bahari yana chumvi karibu gramu 35 kwa kila lita. Mshipi wa nailoni hutoka majini na matone machache juu yake, lakini mshipi wa kusuka, ambao siku hizi karibu sote tunautumia, hunyonya maji kati ya nyuzi zake. Ukizungusha mkono wa rili mara moja, mshipi huzungushwa kwenye spuli mara tano na zaidi, na maji yote yaliyomo hukamuliwa mahali pamoja: juu ya roda. Ndani yake mara nyingi mna beringi ndogo kuliko kifungo cha shati. Unarudi nyumbani, unaegemeza rodi ukutani, maji yanakauka, chumvi inabaki. Chuma kisichoshika kutu nacho hushika; huchelewa tu. Na ubaya wake ni kwamba roda ikiganda rili hailalamiki. Mshipi unaendelea kuteleza juu yake, unarusha, unavuta, unapata changu wawili watatu wadogo, kila kitu kinaonekana salama. Dalili ya mapema ni mshipi kuanza kujisokota vifundo wakati wa kurusha. Wengi hulaumu mshipi, wakanunua mwingine. Anayekuja kukuthibitishia ni samaki mkubwa, na akishathibitisha amekwenda zake.

Kwa hiyo ukienda dukani chukua vitu viwili: kalamu ya wino mzito na mshipi wa urefu wa mkono, wa aina ileile unayovulia. Tia nukta ya wino juu ya roda. Pitisha mshipi juu yake kama unavyopita wakati wa kuvuta, ukaze kiasi cha uzito wa samaki mdogo, kisha uvute polepole. Nukta lazima iende na irudi. Usiridhike kuizungusha kwa kidole. Ziko roda zinazotii kidole na kukataa mshipi, na hizo ndizo zinazokata. Ukimaliza, tafuta skrubu. Roda nzuri hushikwa na skrubu moja unayoiona na kuifikia kwa bisibisi ndogo, ili uifungue nyumbani, uioshe, utie mafuta. Ikiwa imegongwa ribiti au huoni pa kuingilia, irudishe kabatini.

Nilifanya hivyo katika duka moja na muuzaji akanipokonya rili mkononi. "Dada, utaharibu bidhaa. Mzee wako anataka saizi gani?" Sikuwa na mzee wala saizi ya mtu. Nilikuwa na pesa zangu mkobani, na nilitoka nazo.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mtu anayetaka rili nyepesi, inayotupa mbali na kurudisha mshipi sawasawa, bila kuuza kitanda.

Ya kwanza kwangu ni Penn Battle III, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Penn. Kampuni hii ilianzishwa Philadelphia mwaka 1932 na Otto Henze, na tangu zamani imetengeneza vitu vya baharini. Bodi ya Battle III ni ya chuma kitupu, na washa za breki ni za nyuzi za kaboni, zile wanazoziita HT-100, ambazo huachia mshipi kwa ulaini hata samaki akishtuka ghafla. Lakini si hayo yaliyonivuta. Ndani ya boksi huja karatasi yenye mchoro wa rili nzima, kila kipande na namba yake. Roda ina namba. Beringi ya roda ina namba. Ikiharibika unaagiza kipande kile, hununui rili nyingine. Yangu naifungua kila baada ya safari tatu nne, dakika tano tu, na ile nukta bado inakwenda na kurudi. Beringi zake ni 5 na moja, ile moja ya kuzuia mkono usizunguke kinyume. Nalitaja hilo kwa sababu utaonyeshwa rili isiyo na ukoo iliyoandikwa 13 na moja ubavuni, utaambiwa ni bora mara mbili. Beringi 13 mbovu ni milango 13 ya kutu.

Ya pili ni Shimano Nasci. Kwa uzito inaishinda Battle ya saizi ileile, na mkono utakushukuru ukirusha tangu alfajiri mpaka jua kali. Gia zake ni laini mno. Anayevua mkondo wa Tudor au wa Mtwapa kwa vyambo vidogo, ambako mawimbi hayamrukii, ningemwambia achukue hii bila kusita. Mimi nasimama kwenye miamba, rili inagongwa, ndiyo maana nimeiweka ya pili. Ya tatu ni Daiwa BG: bodi ya alumini, gia kubwa, nguvu tele, ila ni nzito, na ninaandika kwa anayetaka wepesi. Tahadhari moja kwa wanaoipenda Daiwa: baadhi ya rili zao za bei ya juu zina oili maalumu iliyoshikwa na sumaku kuzuia maji. Hizo usizitie mafuta yako hapo penye sumaku. Utaiharibu ile oili.

Wako watakaokwambia uongeze pesa ununue Penn Spinfisher VI, kwa kuwa ina alama ya IPX5. Ni rili nzuri sana, na anayevua wakati wa kusi, maji yakimpiga kifuani, inamfaa. Ila ielewe alama hiyo. Ile 5 ni kinga dhidi ya maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba. Si ruhusa ya kuizamisha. Tena kinga hiyo ni ya bodi na spuli. Roda iko nje, inaoga pamoja nawe, na itaganda kama nyingine usipoihudumia.

Okuma ni kampuni ya Taiwan, rili zake za kati zinafaa kwa kuanzia. Zipime kwa nukta. Zile rili za shilingi 2,000 na 3,000 zinazoning'inizwa pamoja na rodi yake, mara nyingi zina bushi ya plastiki kwenye roda badala ya beringi. Bushi haishiki kutu, kwa hiyo kama skrubu ipo, mtoto anaweza kujifunzia. Basi.

Lililobaki ni bei, na hapa ninaumia. Battle III ya 4000 huko Marekani ilikuwa dola 120 hivi. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni karibu 15,500. Tia VAT ya asilimia 16, inakaribia 18,000, na bado ushuru na usafiri, nakubali, muuzaji naye ale. Mimi nilitajiwa 32,000. Kesho yake nikamtuma ndugu yangu dukani palepale, kwa rili ileile, boksi lenye pembe ileile iliyobonyea, akatajiwa 24,000. Hakuna bei iliyobandikwa, kwa hiyo bei ni sura yako. Anayevua ili watoto wale hawezi kufanyiwa hivyo. Dai risiti, fungua boksi mbele yao, hakikisha karatasi ya mchoro imo. Kama haimo, uliza ilikokwenda kabla hujatoa hata shilingi.

Ukishaifikisha nyumbani, nunua kichupa cha mafuta ya cherehani kwa fundi yeyote wa mtaani. Ukirudi kutoka baharini, kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye washa, mwagia rili maji baridi, yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, usiielekezee mpira wa maji wenye nguvu, kwa maana huisukuma chumvi ndani. Ifute, ilegeze breki, kisha tone moja kwenye roda. Izungushe kwa mshipi, si kwa kidole.